Robo Saa Isiyoandikwa Popote

Dinah aliingia kwenye gari langu saa nane na nusu mchana akiwa amevaa koti la watu wa ofisini, na uso aliokuja nao nilitamani aurudishe alikoutoa. Nilikuwa nimeacha injini ikinguruma kwenye maegesho ya kazini, hita imewashwa, kwa sababu Januari ya mji huu wa Champlin, huku ughaibuni, haina adabu. Chai yake ilikuwa kwenye thamosi. Hakuigusa.

"Mama Ian," akasema, "nimeiharibu ile interview."

Mimi nikiudhika hunyamaza kwanza, ndiyo maana wasionijua hudhani ni mpole.

Dinah kule Kenya alikuwa mwalimu wa hesabu, sekondari ya wasichana. Alipofika huku shahada yake ikabaki kwenye bahasha, na yeye akawa kama sisi wengine, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunza wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadilisha shuka. Siku ya kwanza alijaribu kumgeuza mtu kwa kumvuta mkono. Nilimfokea hadi akalia, kisha nikamfundisha. Hiyo ni miaka saba iliyopita, na tangu hapo tumepangwa zamu moja, inayoanza saa tisa alasiri.

Mwaka juzi wenye kampuni yetu, ambao wana nyumba kadhaa za wazee, walileta washauri. Hawa ni watu wanaolipwa kuja kumwambia mwenye biashara kwa nini biashara yake haiendi. Binti mmoja aliyeshika tablet aliambiwa amfuate Dinah siku mbili, ahesabu kila kazi inachukua dakika ngapi. Siku ya pili Dinah alichungulia ile tablet akamwambia wastani wake umekosewa, kwa kuwa amewachanganya wazee wanaotembea na wasioweza kuketi. Binti akamtazama upya. Akamwuliza alisomea wapi. Halafu akamwuliza mbona yeye mwenyewe hafanyi kazi ya ushauri.

Swali hilo halikumtoka tena. Alituma maombi kwenye kampuni kumi na moja za ushauri, na zote zikamjibu kwa ile namna yao ya kukukataa huku wakikushukuru. Walitaka watu wa vyuo vyenye majina, waliokwisha kukalia viti vya ofisi. Kampuni ya kumi na mbili, ile ile ya yule binti, ndiyo iliyomwita.

Na usaili wao si wa kuulizwa udhaifu wako ni upi. Wanakupa tatizo la biashara ya watu, karatasi mbili tatu za takwimu, na wewe unalitatua hapo hapo mbele yao, unasema kila unachokifikiria kwa sauti. Kwa hiyo miezi sita, kila mapumziko ya kazi, mimi nilikuwa bosi wa uongo ndani ya gari hili. Nilimsomea matatizo kutoka kwenye kitabu nikiwa nimevaa miwani ya kusomea na aproni. Sijawahi kufika Ujerumani, lakini nayajua matatizo ya kiwanda kimoja cha biskuti huko kuliko nilivyohitaji. Akinyamaza tu, nagonga dashibodi kwa kijiko cha chai. "Ukinyamaza umekufa," nilikuwa namwambia.

Sasa alikuwa ameketi pale pale, na kimya chake kilinitia hofu.

"Uliharibu wapi?"

"Case ya mwisho, lile tatizo la kutatua. Na yule mkubwa wao, Mrs. Lindquist. Mama Ian, ile case ilikuwa ni sisi."

"Sisi gani?"

"Sisi. Hapa. Wametoa majina wakaandika Building A na Building B. Lakini B ina vitanda sixty-four, wings tatu, hata ile mwaka mabomba yalipasuka iko kwenye chart. Akaniambia, hizi nyumba mbili ni sawa. Staff ni idadi moja, masaa ni yale yale, chakula ni moja. Lakini B wazee wake ni mara chache kupata vidonda vya kulalia, na A wanapata mara tatu zaidi na kurudishwa hospitali. Kwa nini? Akasema watu wake wenyewe walishindwa, na client anawauliza mpaka leo."

Jibu la swali hilo nililijua mimi.

Mwaka wangu wa kwanza pale, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli alikutwa na kidonda kisiginoni kilichofika mfupani. Karatasi ya zamu ilisema ngozi ni nzima. Karatasi ya zamu iliyotangulia pia ilisema nzima. Kila mtu alinakili ya mwenzake. Nilimlilia yule mzee zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni, na kesho yake nikaja kazini saa tisa kasorobo. Nikamwambia mwenzangu wa zamu ya asubuhi: twende chumba kwa chumba, tufunue shuka, uniachie mtu mkononi, sitaki karatasi yako. Tukaangalia visigino, mgongo, nyonga. Tukaambiana nani hakula, nani analilia mkewe aliyekufa, nani anasema mguu hauumi na ni mwongo.

Tumefanya hivyo miaka kumi na moja. Kila mgeni anayeanza kazi tunamfundisha. Sasa anayenikabidhi ni Emérance, mama wa Kikongo kutoka Uvira, na vyumba kumi na viwili tunavimaliza kwa robo saa kamili. Halafu saa tisa nagonga kadi ukutani kama mtu aliyefika sasa hivi.

Maana ni marufuku. Saa ya ukutani haipokei kadi kabla ya saa tisa, na kufanya kazi kabla ya kugonga kadi ni kosa la kufukuzwa. Wanatusomea kila mwaka na tunatia sahihi. Kampuni inaogopa kushtakiwa kwamba inafanyisha watu kazi bila malipo, kwa hiyo badala ya kulipa inakataza. Yule binti wa tablet hakuona kitu, kwa sababu naye alifuata ratiba. Alikuja saa tisa kamili.

"Ukajibu nini?" nikamwuliza Dinah, ingawa nilikwisha kujua.

"Nilitaja experience ya staff. Nikataja umbali wa vyumba, aina ya magodoro. Vitu za kitabu. Akaandika, akafunga daftari. Akasema, 'Asante, ndivyo kila mtu anavyosema.'" Akafuta macho kwa kiganja. "Ningefungua mdomo ningeipata, Mama Ian. Niliona hivyo kwa macho yake. Lakini wewe uko na miaka fifty-eight, Emérance ana watoto watano. Wangewafuta kazi wote. Nikanyamaza."

Basi hapo ndipo hasira ilipotoka.

"Nani alikutuma?"

"Mama Ian..."

"Nakuuliza, nani alikutuma unikinge? Nilikuomba?"

"Nilikuwa nawaza juu yenu."

"Uliwaza juu yetu bila sisi. Miezi sita nakugongea kijiko hapa, kumbe siku ya siku unakuja kunificha mimi kama mwizi."

Nilisema neno hilo na likanichoma mwenyewe. Miaka kumi na moja nilikuwa naingilia mlango wa jikoni na kuvaa aproni chooni ili msimamizi asinione. Nilikuwa naiba, ndiyo, lakini nilichokuwa naiba ni muda wangu mwenyewe. Na nilikuwa nimezoea, hata nikaona fahari. Wakati huo huo niliogopa. Sitasema uongo kwamba sikuogopa. Mtu wa umri wangu akifukuzwa na barua mbaya haitwi na nyumba nyingine ya wazee hapa mjini, na mimi kazi nyingine siijui.

Dinah akatoa kadi mfukoni mwa koti. "Alinipa hii mlangoni. Ati nikikumbuka kitu nimpigie. Wanakaa saa kumi kuamua."

Nikatazama saa ya gari. Saa tisa kasoro dakika kumi na saba. Simu zetu zinafungiwa kabatini tukianza zamu, na mapumziko ni saa kumi na mbili jioni. Kama ni kupiga, ni sasa.

Kioo cha upande wangu kikagongwa. Alikuwa Emérance, hana koti, amejikumbatia kwenye theluji.

"Mama Ian, munakawia nini? Bazee banangoja."

Nikashusha kioo, nikamweleza kwa maneno machache: kazi ya Dinah, swali aliloulizwa, na jibu ambalo ni sisi. Nikamwambia likisemwa huenda tukafukuzwa sote. Nikamwambia anayo haki ya kukataa, na akikataa tutaingia ndani kama kila siku na mambo yaishe.

Emérance alimtazama Dinah kwa muda, meno yakigongana kwa baridi.

"Aseme," akasema. "Miye woga niliisha kuimaliza mu camp ya wakimbizi." Kisha akanigeukia. "Wewe baki na yeye. Vyumba nitapita peke yangu. Lakini pole pole, sitaweza kwa robo saa."

Akarudi ndani akikimbia kwa vile viatu vyake vya plastiki. Ilikuwa saa tisa kasorobo na mimi sikuwa chumba namba moja, kwa mara ya kwanza tangu yule fundi wa reli.

Dinah alipiga akaweka sauti ya wazi. Simu iliita mara sita. Nilihesabu. Ya saba ikapokewa, na sauti ya mwanamke, kavu, ikataja jina lake.

Dinah alianza vibaya. Aliomba radhi, akaomba radhi tena kwa kuomba radhi. Nikachukua kijiko kwenye kifuniko cha thamosi nikagonga dashibodi mara moja. Akavuta pumzi. Na sauti iliyotoka baada ya hapo ilikuwa ya mwalimu wa hesabu.

Akasema tofauti ya nyumba zile mbili haimo kwenye takwimu kwa sababu imekatazwa kuwamo. Akaeleza robo saa, shuka, visigino. Akasema wafanyakazi wanaifanya bure, na kwa kificho, kwa kuwa sheria ya kampuni inaiita kosa. Mkimwambia mteja wenu naye akaongeza ukali wa sheria, akasema, Building B itakuwa kama A kabla ya miezi mitatu. Akiilipia katika nyumba zote mbili, atatumia kidogo kuliko anachotumia kwa hospitali. Alisema yote hayo bila kupumzika, akiwa ameshika goti langu.

Saa ya gari ikasogea dakika moja.

"Nilisoma wasifu wako," akasema Mrs. Lindquist. "Najua unafanya kazi wapi. Ndiyo maana nilikupa swali hilo. Kwa nini hukuniambia pale chumbani?"

Nilitaka kumwambia huyo mama kwamba ni mjanja na si kwa sifa. Dinah akanitazama.

"Kwa sababu lile jibu ni watu," akasema, "na nilikuwa sijawauliza."

"Na sasa?"

"Nimewauliza. Mmoja yuko hapa kando yangu."

"Naweza kuongea naye?"

Dinah hakunipa simu. Alinisogezea tu, akaiacha kati yetu, niichukue nikitaka. Nikaichukua.

Mrs. Lindquist alinisalimu vizuri, nampa haki yake. Kisha akaniuliza swali moja, lile lile ambalo kila msimamizi ameniuliza kwa miaka kumi na moja nami nikalijibu kwa uongo kila mara.

"Unaanza kazi saa ngapi?"

"Saa tisa kasorobo," nikasema. Nikamtajia na jina langu, Philister Ayuma, ingawa hakuliuliza.

Siku hiyo niligonga kadi nikiwa nimechelewa dakika nne. Emérance alikuwa chumba cha tisa, zamu yake imekwisha, bado anafunua shuka.

Dinah alipigiwa saa kumi na moja lakini simu ilikuwa kabatini, kwa hiyo alikaa bila kujua mpaka mapumziko, akimlisha uji bibi mmoja asiyependa haraka. Aliposikiliza ujumbe alikuja hadi mlango wa chumba nilichokuwemo akasimama. Wamemchukua. Aliinua tu ile thamosi yangu, chai ameinywa yote. Nililia, na mzee niliyekuwa namvalisha soksi akaniuliza nani amekufa.

Machi msimamizi alituita ofisini mmoja mmoja. Kampuni ilikuwa imekubali: kuanzia Juni zamu ya alasiri itaanza saa tisa kasorobo, kwa malipo, katika nyumba zote. Lakini sheria ni sheria, akasema, na anayekiri kuivunja zamani atapewa barua ya onyo. Akaniuliza kama niliivunja. Nikakiri. Emérance alikiri kabla yangu.

Dinah aliposikia alitaka kupanda juu kwa wakubwa. Sasa anavaa lile koti kila siku na anajua watu wa kuwapigia. Alisema ile barua ni dhuluma na anaweza kuifuta. Nikamwambia aiache. Ninayo kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, na mara nyingine naitoa nikiwa peke yangu kwenye gari. Inasema kwamba Philister Ayuma alikuwa ndani ya vyumba vya wazee saa tisa kasorobo, akifanya kazi, mara nyingi zisizohesabika, kwa miaka kumi na moja. Imetiwa sahihi na muhuri wa kampuni. Ni karatasi ya kwanza inayosema nilikuwepo.