Watani Kwenye Kaburi la Mpishi

Kazi yangu misheni ilikuwa useremala, lakini katika miaka ile ya Ujamaa hapakuwa na mtu pale mwenye kazi moja. Misheni ilikuwa kwenye vilima vya Madale, ambako wakati huo kulikuwa na mikorosho, mihogo na nyumba chache zilizotazamana kwa mbali. Nilitengeneza mabenchi, nikabadilisha mbao zilizoliwa na mchwa, nikasukuma gari lilipokwama kwenye tope, na zamu yangu ikifika nilipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Padri, Mzungu aliyefika kwetu akiwa bado kijana, alisukuma gari pamoja nasi na alipanga foleni kama sisi. Kiswahili alikisoma vitabuni, akakizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tulimpenda.

Mpishi wa misheni alipofariki, nilibomoa kabati la kanisani nikapata mbao za jeneza, maana mjini hazikupatikana. Mpishi alikuwa Mnyamwezi. Majirani zetu walikuwa Wazaramo, karibu wote Waislamu, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Kwa mtani msiba ni kazi: ndiye anayechimba kaburi na kuteka maji, na ndiye anayemtania marehemu ili wafiwa wasizame kwenye huzuni. Kwa hiyo walifika asubuhi na majembe yao, wakiongozwa na mkulima wa mihogo aliyekuwa rafiki mkubwa wa mpishi.

Padri alilijua neno utani. Alidhani ni mizaha ya sokoni.

Alipokuja kutazama kazi, kaburi lilikuwa limefika kina cha kiuno, na yule mkulima alikuwa amejinyoosha ndani yake chali, mikono chini ya kichwa.

“Halali mtu hapa!” alikuwa anapiga kelele. “Hiki kitanda changu! Mnyamwezi gani huyu? Babu zake walibeba mizigo kwa miguu toka Tabora, yeye toka kanisani mpaka hapa anataka kubebwa! Mwambieni aache uvivu, aje akitembea!”

Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Padri uso ulimwiva. Akainama, akamshika mkulima mkono, akamvuta.

“Toka! Mtu amekufa. Hapa si mahali pa mchezo.”

Mkulima alitoka, akajikung'uta udongo. “Haya, Padri. Zika mwenyewe.” Akachukua jembe lake, na wenzake wakamfuata.

Padri akaleta jembe la misheni, akaanza kuchimba. Niliingia kumsaidia. Wanaume wengine hawakusogea, kwa sababu kazi ya mtani haipokelewi na mtu mwingine. Jua lilikuwa kali, na maiti isingeweza kungoja kesho. Ndipo mjane akaja, kanga mabegani, akasimama ukingoni.

“Padri, unachimba nini?”

“Kaburi la mume wako, mama.”

“Hilo shimo tu. Ukimzika bila watani, nikirudi kwetu nitasema nini? Kwamba mume wangu amefukiwa kama mtu asiye na watu?”

Padri aliegemea mpini. “Nifanye nini?”

“Kawarudishe. Na usiende kinyonge, watakucheka.”

Tulikwenda pamoja, yeye na mimi. Mkulima alikuwa amekaa barazani kwake na wenzake, majembe yameegemezwa ukutani.

“Karibu, Padri,” alisema. “Umekuja kunifukuza na kwangu?”

“Nimekuja kuomba.”

“Muombe Mungu. Si ndiyo kazi yako?”

Walicheka. Niliona midomo ya Padri ikipanga maneno.

“Nimemwomba,” alisema. “Amenituma kwako. Nikamwambia, Bwana, yule Mzaramo ni mvivu, akiona shimo analala. Akasema, nenda tu, sina mwingine.”

Mke wa mkulima akapiga kigelegele mlangoni, na mkulima akajipiga paja. “Kumbe anaweza! Basi leo wewe Mnyamwezi. Beba mzigo!”

Tukarudi, Padri mbele, majembe yote yakiwa yamefungwa kwa kamba begani kwake, na Wazaramo nyuma wakimhimiza kama mpagazi: “Twende, Tabora mbali!” Watu waliokuwa msibani walisimama kumwangalia. Mjane alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani analia, mpaka nilipokaribia nikasikia.

Kaburi lilikamilika alasiri. Tulipofika na jeneza, mkulima alikuwa amelala tena ndani. Padri alifunga kitabu chake, akasubiri.

“Toka humo,” mjane alimwambia. “Mume wangu hakuzoea kulala na mtu anayenuka mihogo.”

“Na mimi sikuzoea kumwachia mtu kitanda,” alijibu mkulima, lakini alitoka. Alishika kamba ya upande wa kichwa, mimi nikashika ya miguuni, tukamteremsha rafiki yake taratibu. Padri akasoma sala, na Wazaramo wakasimama kimya mpaka mwisho, kisha wakafukia wao wenyewe, hawakukubali mtu mwingine aguse udongo.

Mjane aliwapa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Padri alimtazama bega, pale kanzu ilipokuwa imechanika.

“Nipe niishone,” alisema. “Nikienda kwetu nitasema nimeacha watani wawili, huyo wa mihogo na wewe.”