Nasma Aliyetoka Jikoni Akashika Usukani wa Kona za Rondo

Saa mbili asubuhi, juu ya uwanda wa Rondo mkoani Lindi, Nasma Abilahi yuko chali chini ya gari lenye urefu wa mita tisa, akikagua mabomba ya breki. Anatoka, anakung'uta majani kwenye hijabu yake, kisha anagonga matairi sita, moja baada ya jingine, kwa nyundo ndogo.

Pembeni, watalii wanane wanamalizia chai na maandazi. Gari hili ndilo nyumba yao kwa siku tano: lina vitanda, jiko, bafu na tangi la maji. Lina uzito wa tani kumi na mbili, na sasa linapaswa kuteremka barabara ya vumbi yenye kona thelathini na moja.

"Maji ya tangi nayamwaga yote kabla ya kushuka," anasema. "Yakianza kucheza kwenye kona, gari linakuvuta bondeni."

Anaingiza gia namba mbili kabla mteremko haujaanza. Anapiga honi, anakata kona. Injini inaunguruma na mguu wake hauko kwenye breki. Gari linashuka taratibu kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka.

Nasma, 43, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, hakuanza kama dereva. Kwa miaka sita alikuwa mpishi wa gari hilohilo, mali ya kampuni ndogo ya utalii ya Kilwa Masoko. Dereva alikuwa Evaristo, mwenyeji wa Rondo aliyekaribia kustaafu.

"Kila nikikaa mbele, macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake," anakumbuka.

Evaristo aliliona hilo, akaanza kumfundisha kwenye barabara ya Mitole, wilayani Kilwa. Mwaka 2020 Nasma akapata leseni ya magari makubwa.

Safari yake ya tatu ya Rondo nusura iwe ya mwisho. Aliingia mteremkoni na gia namba nne, akawa anakanyaga breki mfululizo. Kufika kona ya kumi na tisa, harufu ya kuungua ilijaa ndani. Akakanyaga tena, pedali ikazama hadi chini.

"Nikasema Bismillah, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima."

Gari lilikwaruza ukingo mita arobaini hivi, likasimama. Hakuna aliyeumia. Sahani zote zilivunjika, na bibi mmoja mtalii alimshika Nasma mkono mpaka waliposhuka garini.

Siku hiyohiyo alirudisha funguo. Kwa miezi minne alipika tu, huku kampuni ikiazima madereva.

Aliyemtoa jikoni ni Evaristo, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kwao Rondo.

"Umewahi kuishuka barabara hii kwa miguu?" alimuuliza siku gari lilipolala Rondo.

"Kwa miguu, mzee? Mbona gari lipo?"

"Basi huijui. Vaa viatu."

Walitembea kwa saa tatu. Kwenye kila kona Evaristo alisimama na kumuuliza angekuwa gia namba ngapi. Walipofika kona ya kumi na tisa, mkwaruzo bado ulikuwa unaonekana ukingoni. Nasma akaanza kulia.

"Hakunibembeleza," anasema. "Aliniambia, 'Mama, hukukosea hapa. Ulikosea kule juu, ulipoingia na namba nne.' Nikacheka huku nalia."

Wiki iliyofuata aliomba funguo. Tangu hapo ameshuka Rondo mara hamsini na nane salama. Mshahara wa udereva, mara mbili ya ule wa jikoni, umeezeka bati nyumba yake ya Kivinje.

"Naipenda kazi hii hata nikiwa chini ya gari na mchanga machoni," anasema.

Amebakiwa na abiria mmoja tu asiyekubali kupanda. Mama yake, Mwanahija, 70, hajawahi kufika Rondo, na baada ya ajali aliapa kutoligusa gari hilo. Kampuni imempa Nasma ruhusa ya kumchukua mwezi Julai, iwapo atakubali.

Barabara inapotulia chini ya mlima, Nasma anaegesha na kupiga simu, kama afanyavyo kila safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshashuka?"

"Nimeshashuka."

"Salama?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Haya, Julai nakuja," anasema mama. "Lakini kitanda cha chini changu."