Baba Aliyeziba Matundu ya Hewa

Usiniulize nilikuwa nimekunywa nini. Ilikuwa saa tisa mchana hapa Ruiru, mwezi wa saba, na mimi nilikuwa kazini. Kazi yangu ni kupima hewa ndani ya nyumba. Nina kimashine kinacholia kikipata ile sumu ya makaa ambayo pua ya mtu haiwezi kunusa. Watu hunicheka, eti mimi ni daktari wa upepo. Wacheke tu.

Siku hiyo mama mwenye ploti aliniita nipime chumba kabla ya kumpa mpangaji mwenye mtoto mchanga. Akanipa ufunguo, yeye akabaki getini. Kwani aliogopa nini? Nilifungua nikakuta chumba kitupu, sakafu ya saruji, baridi kali. Kimashine kikasoma sufuri. Nilipoinua macho, mwanamume alikuwa amesimama juu ya ndoo, amenipa mgongo, anasokomeza matambara kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha.

Niamini, mlango ulikuwa mmoja, na nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Habari, baba," nikasema. Wewe ungesema nini?

"Mzuri. Wacha nimalize, Njeri anasikia baridi."

Kimashine kikaanza kulia. Hamkuwa na jiko mle ndani, hata kaa moja, lakini namba zilipanda na kichwa kikaanza kuniuma. Nikamwomba ayatoe matambara, na kama kuna jiko, alitoe nje.

Akageuka. Alikuwa kijana tu, amevaa ovaroli la kiwandani.

"Lakini nilingoja moshi iishe," akasema. "Cucu, nyanya yetu, alitufundisha hivyo. Makaa ikishakuwa nyekundu, haina moshi, ndio unaingiza jiko kwa nyumba. Aki nilingoja vizuri. Sasa mbona mtoto haamki? Hiyo mashine yako inasema nini? Ni mimi?"

Kila siku nawaambia watu kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na sijawahi kulichukia hivyo.

"Hukujua, Baba Njeri," nikamwambia.

Alielewa. Nilimwona akielewa. Akashuka kwenye ndoo, akayatoa matambara moja moja, akaketi sakafuni na kukunja mikono kama amempakata mtu. Nilipopangusa machozi sikumwona tena. Kimashine kilikuwa kimenyamaza, na matambara yalikuwa miguuni pangu.

Mama mwenye ploti alinieleza getini. Miaka michache iliyotangulia, mke wa yule kijana alitoka zamu huko Thika akawakuta wote wawili, baba na msichana wa miaka mitatu, wamelala wasiamke. Tangu hapo, alisema mama huyo, kila baridi ikija anayakuta matundu yamezibwa.

Hayajazibwa tena. Mpangaji yupo, mtoto wake anatambaa, na watu wananishukuru. Mimi silali vizuri. Nilimwambia baba kwamba amemuua mtoto wake, naye alikuwa anataka tu apate joto.

Kwa hivyo baridi ikikubana, ongeza blanketi. Fungua matundu. Jiko liache nje hata kama limekolea likang'aa, hata kama mama yako na nyanya yako waliliingiza ndani maisha yao yote. Nakuomba sana. Usije ukaniuliza kama ni wewe.