Jina la Advera Kwenye Mfumo

Mimi na Advera tulianza uuguzi mwaka mmoja, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu namwona akipita kati ya vitanda vya wodi ya wanaume, kalamu ya bluu mfuko huu, nyekundu mfuko ule. Bluu ya kuandikia ripoti ya mchana, nyekundu ya usiku. Enzi hizo ripoti ya kupokezana zamu ilisomwa kitandani, kwa sauti, mgonjwa mwenyewe akisikiliza. Ukikosea, anakusahihisha: "Sista, sikutapika mimi, ni huyu jirani." Tunacheka, tunarekebisha, tunasogea kitanda kingine. Jamani, nazikumbuka siku zile.

Kisha ukaja mfumo wa kompyuta. Silaumu mtu. Mafaili yalikuwa yakipotea, na mgonjwa aliyetoka Ulyankulu alilazimika kuhadithia ugonjwa wake upya kila dirisha. Sasa kila muuguzi alipewa namba yake ya siri, na vishikwambi vya wodi vikawa mikononi mwa vijana. Advera alikishika kimoja, kikazima, akakirudisha haraka kama aliyepewa mtoto aliyelowa.

"Mama, wewe sema tu, mimi nitaandika," Najiat, muuguzi kijana wa wodi yetu, akamwambia.

Binti mwenye adabu zake. Kwetu hapa humwachi mtu wa umri wa mama yako ahangaike na mashine, nawe umekaa. Basi ikawa desturi: Advera anaosha kidonda, anapima presha, anataja, Najiat anaandika, kwa namba yake Najiat. Sote tuliona ni heshima, na mimi nilimsifia.

Mpaka asubuhi moja Wilbroad, muuguzi mfawidhi, akamwita Advera ofisini, nami nikamfuata nyuma bila kuitwa. Wilbroad tulimfundisha kazi sisi wenyewe akiwa mwanafunzi, kwa hiyo aliona aibu hata kuanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema, baba, nina wagonjwa."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Chini ya jina la Advera Bernardo palikuwa patupu. Tangu mfumo uanze, hakuwa amemhudumia hata mtu mmoja.

"Wakubwa wanaangalia hapa," akasema Wilbroad. "Wakikuta hivi tena mwisho wa mwezi, itabidi nikupeleke stoo ya mashuka mpaka ustaafu."

Najiat aliposikia alilia, akakimbia kwenda kueleza. Wilbroad alimwamini, lakini angefanya nini? Mfumo unamjua aliyeingia kwa namba yake, basi.

Jioni nilimkuta Advera amesimama na baiskeli yake, tayari kurudi nyumbani Ntalikwa, lakini haondoki.

"Koleta," akaniambia, "vidonda vyote vile, kumbe sikuwepo."

Niliumia sana. Nikamfokea, maana ndiyo namna yangu ya kufariji: "Basi nenda kakunje mashuka!" Aliniangalia vibaya, akapanda baiskeli. Kesho yake aliwahi kazini kuliko sote.

Alianza na mzee Gervasi wa Ulyankulu, mwenye kidonda cha mguu, ambaye tangu alazwe alikuwa amenuna. Advera akamfunga bandeji, akavuta kiti, akachukua kishikwambi, akaingia kwa namba yake mwenyewe, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Najiat akanyoosha mkono asaidie.

"Toa mkono wako," Advera akamwambia. Kisha kwa Gervasi: "Nisamehe, mzee wangu, nakuandika polepole."

"Andika tu, sista. Na mguu huu, mimi naenda wapi?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, naye Gervasi akacheka. Advera alipomaliza alimsomea kwa sauti, kama zamani: kidonda kinapona, usaha umekauka, homa hakuna. Mzee akatikisa kichwa.

"Hujaandika kuwa nimecheka."

Advera akarudi kutafuta herufi.

Mwisho wa mwezi Wilbroad alifungua kioo mbele yetu. Safari hii palikuwa na maandishi mengi mafupi, herufi zimerukwa huku na huku, na chini ya kila moja jina lake. Wilbroad alirudi mpaka andiko la kwanza kabisa, la mzee Gervasi, akausoma mstari wake wa mwisho kwa sauti: "Mgonjwa amecheka leo." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," akasema, "mashuka nitayatafutia mtu mwingine."

"Haya, niache basi," Advera akamjibu, tayari yuko mlangoni. "Nina wagonjwa."