Juma la Mazoezi Bila Mpira

Mke wangu hulala mchana. Ni mwokaji wa mikate. Anaingia kazini watu wakiwa bado wanakoroma, na jua likifika utosini yuko kitandani, unga umemganda kwenye nyusi. Mimi ni seremala, na karakana yangu iko chumba cha pili, kwa hiyo huwa namsikia. Juma lile la mechi zao za mtoano niliisikia miguu yake. Ilikuwa inasugua shuka, kushoto, kulia, kushoto tena, na mikono ameitandaza hadi upande wangu wa kitanda. Nikasema, haya, sasa hata usingizini kuna mtu anakabwa.

Wenzake wanamwita Komeo. Miaka yote aliyocheza mpira wa kikapu, sifa yake si kufunga. Akiupata mpira anautoa haraka kama trei iliyotoka tanuruni. Kazi yake ni moja tu: aonyeshwe mfungaji wa wapinzani, naye amfungie njia.

Lakini goti lilikuwa limeshagoma. Daktari alisema msimu huu uwe wa mwisho, na Komeo akanipa neno lake. Timu ikitolewa, basi, amemaliza. Ikisonga mbele, anapata mechi moja zaidi. Mimi ndiye niliyembembeleza amsikilize daktari, na mimi huyo huyo nikawa naomba kimoyomoyo timu isitolewe. Mapenzi bwana, hayana akili.

Kocha wao, mwalimu wa sekondari mwenye sauti ndogo, aliwafanyia kioja. Aliufungia mpira stoo juma zima.

"Mpira una maneno mengi," aliwaambia. "Mtazame mtu, tena kiunoni. Macho yake yatakudanganya, mabega yatakudanganya. Kiuno kikienda, na yeye ameenda."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu alikuwa anawaambia kutwa. Jioni moja nikaenda kuwaangalia, nia yangu kucheka. Wanawake kumi ukumbini, mpira hakuna, kelele hakuna, viatu tu vinakwaruza sakafu. Wawili wawili wanatazamana viunoni, wanateleza kando, wanarudi nyuma, na mwanga wa dirishani umejaa vumbi lisilotaka kutua. Kicheko kikaniishia mdomoni. Nikasahau kabisa kwamba kuna kitu kimekosekana. Mmoja akaruka akakunjua mkono, nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikainua kichwa kuufuata mpira usiokuwepo.

"Ulikuwa unatazama nini kule juu?" Komeo aliniuliza tukirudi nyumbani.

"Mpira. Ulikuwa karibu uingie."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Hata wewe, baba watoto? Basi tumekwisha!"

Siku ya nusu fainali akapewa binti mmoja mrefu, namba saba, aliyekwisha kuwaliza wengi kwenye mtoano ule. Lo, yule binti ana miguu! Lakini kila alipogeuka alimkuta Komeo. Kufika robo ya mwisho alikuwa amechoka kumlalamikia mwamuzi, akaamua kuzungumza na Komeo mwenyewe.

"Mama, wewe huchoki?"

"Nitachoka kesho, mwanangu."

Zikabaki sekunde chache. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira ni wao. Ukumbi mzima ulijua ni wa namba saba. Komeo akakunja magoti, lile zima na lile bovu, akatandaza mikono. Kelele zilinipotea masikioni. Binti akaenda kushoto, hakuna njia. Akarudi kulia, hakuna njia. Mke wangu alikuwa anateleza naye polepole, hivyo nilivyoona mimi, macho kiunoni, uso umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri. Sijawahi kumpenda kama wakati ule.

Binti hakuwa na mpira. Alikwisha kuutoa kwa mwenzake mmoja mfupi pembeni, ambaye hakuna aliyemjali, na yule mfupi akarusha. Ukaingia. Kipenga kikalia.

Komeo bado alikuwa mbele ya binti, mikono imetanda, anatabasamu. Binti akamshika viganja, akamshusha mikono taratibu, kisha akawakimbilia wenzake. Mke wangu akageuka kunitafuta. Alizisikia shangwe, akadhani ni zetu. Akaja akichechemea, akaniangukia kifuani mzima mzima, anatetemeka kwa furaha.

"Hakufunga!" akasema. "Umemwona? Hakupita hata mara moja!"

Nyuma yake wenzake walikuwa wamekaa sakafuni, mmoja amejifunika jezi usoni. Nilijua nikifungua mdomo tu, mpira wake wote unaishia pale pale. Akataka kugeuka awaone. Nikamkumbatia kwa nguvu zaidi, nikamzuia.

"Hakufunga, mke wangu," nikamwambia. "Nimemwona kwa macho yangu."