Gauni Lililochagua Ndege

Bi Sindano, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, hakuwa mgeni wa ndege. Mara kwa mara alivuka mpaka kwenda kununua vitambaa, safari ya kupanda na kushuka: hujakaa ukatulia, unaambiwa mmefika. Kwa safari hizo alikuwa na kanuni moja tu, shirika la bei ya chini kuliko yote. Maji wanauza? Atakunywa nyumbani kwake. Viti vigumu? Matako anayo mwenyewe.

Kisha mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akapata mchumba ng'ambo. Harusi hukohuko, na gauni lishonwe na dada, la sivyo haolewi mtu. Bi Sindano akalishona kwa roho yake yote, shanga mojamoja kifuani, mkia mrefu hivi kwamba bibi harusi akifika mbele, mkia bado uko mlangoni.

Kazi ikawa kulifikisha. Msichana wa ofisi ya tiketi alimtajia shirika lake lilelile la siku zote: nafuu, lakini unabadilisha ndege mara mbili, na gauni liende chini na masanduku ya watu. La pili lilikuwa ghali, ila ndege moja mpaka huko, na nguo ya harusi wanaruhusu iingie ndani, kabati likiwa na nafasi.

Mumewe, kinyozi, tofauti ya bei alikwisha kuipangia kiti kipya cha kunyolea. Akasema ndege ni ndege, zote zina mabawa.

“Wembe na panga vyote vinakata, baba watoto,” mkewe akamjibu. “Mbona wateja wako huwanyoi kwa panga?”

Kinyozi hakukoma. Mezani akamkumbusha kwamba shirika la bei rahisi halijampotezea hata kifungo. Hapo alisema kweli, na Bi Sindano akatafuna kwanza.

“Kitambaa kikipotea narudi dukani. Hili likipotea, mtoto wangu aingie ukumbini na nini? Taulo?”

Basi ikakatwa tiketi ya ghali, na kiti cha kunyolea kikaambiwa kisubiri.

Siku ya safari, mhudumu wa ndege akasema kabati limejaa makoti ya abiria wa mbele. Bi Sindano hakubishana. Alifungua zipu ya mfuko wa gauni kidogo tu, mpaka kifuani. Mhudumu akaziangalia zile shanga, akaangalia makoti, na makoti yakahamishiwa kwingine. Kabla ya kutua alikuwa amekwisha kuomba namba ya simu ya fundi.

Uwanjani mdogo wake alilia mpaka akaanza kwikwi. Gauni halikuwa na kunjo hata moja. Aliyekunjamana ni dada, sura kama shuka lililolaliwa. Hawakungoja kufika nyumbani. Waliingia chooni palepale kulijaribu, na zipu ikapanda, ikafika kiunoni, ikagoma.

“Dada, nimenenepa kidogo,” bibi harusi akanong'ona.

“Kidogo cha nani?” Bi Sindano akampapasa kiuno, akacheka mpaka akashika sinki. “Shukuru nimefika nalo mapema. Geuka nikupime, na usivute tumbo ndani.”