Neno Moja Kwenye Kaburi la Aboth

Aboth hakujua Kiingereza. Hata salamu yake hakuijua.

Lakini nenda kijijini kwao Mulanda, uliza kaburi lake. Utakuta neno moja tu juu ya saruji, na neno hilo ni la Kizungu: PRESENTLY.

Wageni wenye shule zao wakilisoma hubana kicheko. Mimi sikubana. Nilicheka kwa sauti, tena mbele ya mtu aliyeliandika.

Mtu huyo ni babu yangu, Ofwono, na Aboth ndiye mama yake mzazi. Alininyamazisha kwa kunisimulia haya. Kaeni vizuri, maana aibu iliyomo humu inaweza kugawiwa ukoo mzima na ikabaki.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, Ofwono alikuwa kijana wa bweni katika shule moja ya misheni karibu na Tororo. Kaptula imepigwa pasi, nywele zina njia pembeni, mdomo hauna breki.

Siku moja mwalimu wao, Bwana Opolot, aliwaeleza habari za neno presently. Zamani za kale, alisema, maana yake ilikuwa papo hapo. Mtumishi akilitamka, ujue ameshanyanyua mguu. Kisha watu wakaanza kulisema huku wamekaa. Vizazi vikapita, neno likalegea kama kamba za kitanda, likawa na maana ya baadaye kidogo.

"Halikuharibika lenyewe," alisema Bwana Opolot. "Liliharibiwa na wanaolisema."

Wenzake waliandika. Ofwono alitabasamu. Alikuwa amepewa silaha.

Tangu siku hiyo, kiranja akimtuma maji anajibu "Presently" kwa uso wa shemasi, halafu anageukia ukutani na kuendelea kulala. Akishtakiwa, anauliza kwa unyenyekevu mkubwa kama anashtakiwa kwa maana ya zamani au ya sasa. Walimu wenyewe walicheka.

Likizo ilipofika akalipeleka nyumbani.

Aboth alikuwa mjane, mpole, mwanamke wa kanisa. Aliposikia anajibiwa hivyo kila anapoita, akauliza ni neno gani. Ofwono akakohoa kidogo kama mhubiri.

"Ni sasa hivi, mama. Kabla hujafunga mdomo, mimi nimefika."

Aboth alilipenda. Akalijaribu, likatoka "presentili". Akawa analitembeza kisimani kwa majirani kama gauni jipya la gomesi.

Sasa sikieni.

Alasiri moja akaingia Oguttu, amepiga baiskeli kutoka Busia, vumbi mpaka kwenye kope. Huyu alikuwa mdogo wake Mangeni, Msamia aliyemuoa Kevina, dada yake Ofwono. Habari aliyoleta ilikuwa moja: Kevina amejifungua pacha.

Kwa watu wa huko pacha si mchezo. Mama yao havuki mlango mpaka watu wa kwao alikozaliwa waje kumfungulia. Na hawaji kwa salamu, wanakuja kwa matusi. Wanavaa majani ya mmea unaotambaa shingoni, wanaimba maneno ambayo siku nyingine yangekupeleka kwa chifu, na wenyeji wanawarudishia hayo hayo, mpaka mlango ufunguke na watu wote wawe hoi kwa kicheko. Anayetangulia ni kaka. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka alikuwa mmoja tu.

Ofwono, bingwa wa matusi. Ungedhani kazi hiyo iliumbwa kwa ajili yake.

"Shemeji, dada yako anangoja ndani," Oguttu alisema. "Sisi tunakuona lini?"

"Presently," akajibu Ofwono.

Oguttu akamgeukia mama. Aboth akamtafsiria, shingo imenyooka kwa fahari.

"Anasema sasa hivi. Mwambie Kevina kaka yake yuko njiani."

Kumbe mwenzetu alikuwa na shughuli nyingine. Kule Nagongera makarani wa stesheni na walimu walikuwa na chama chao cha midahalo, na walikuwa wamemwalika azungumze kesho yake. Mada aliichagua mwenyewe: historia ya presently. Dada angengoja kidogo. Pacha hawaendi popote.

Akachukua baiskeli ya marehemu baba, akaenda.

Hotuba ilikuwa moto. Alisema Waingereza ni watu wa kuchelewa, na ushahidi wameuficha ndani ya neno lao wenyewe. Watu waligonga meza. Wakamwomba alale, arudie kwa wale waliokuwa zamu. Akalala. Akarudia. Akanunuliwa chai na mandazi.

Aliporudi Mulanda alikuta mlango wa mama umefungwa kwa kamba.

Ekwaro, jirani yao, alikuwa akimenya karanga na hakuinua kichwa. Alimwambia mama yake amechungulia njia mpaka amechoka, kisha akaondoka kwenda Busia. Kwa miguu.

Ofwono akageuza baiskeli pale pale. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitii lile neno kwa maana yake ya zamani, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Alisikia sauti kabla hajaona nyumba ya Mangeni. Sauti moja tu.

Jueni kwamba mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Aboth akimwona Mangeni njiani alikuwa anaingia shambani mpaka apite.

Sasa alisimama katikati ya uwanja wa Mangeni, majani shingoni, akitukana pua ya mkwe wake, na miguu yake, na mengine yaliyoko kati ya hapo. Mwanamke aliyeongoza sala za Jumatano.

Na hakuna aliyemjibu.

Nani atamtukana mama mkwe? Wasamia walisimama kimya, macho chini. Mangeni alikuwa amejificha nyuma ya ghala. Mchezo wa pande mbili, mama aliucheza peke yake, sauti imekwaruza. Akimaliza mstari anangoja kicheko. Hakiji. Anaanza mwingine.

Ofwono aliganda langoni. Shati lake jeupe lilikuwa bado na makombo ya mandazi.

Mlango ukafunguka. Kevina akatoka, kila mkono una mtoto wake. Akamwona kaka yake.

"Karibu, kaka," alisema. "Mama amemaliza."

Babu anasema kofi lingekuwa zawadi.

Kurudi, alimbeba mama nyuma ya baiskeli. Mwamba wa Tororo ulipoonekana, mama akafungua mdomo. Ofwono alikuwa amejiandaa kwa lolote, akaulizwa swali tu.

"Lile neno ulilonifundisha. Ni kweli maana yake ni sasa hivi?"

Angeweza kumweleza historia yote. Ilikuwa imepigiwa makofi mara mbili.

"Ndiyo, mama."

"Sawa," alisema Aboth.

Hakuligusa tena jambo lile maisha yake yote. Lakini kuanzia siku hiyo, Ofwono akiita "Mama", hata kwa jambo dogo, alijibiwa "Presentili", na kabla hajafunga mdomo amefika. Mikono ina unga. Baadaye, magoti yamechakaa kwa uzee, bado amefika. Hakuwa akimkejeli. Alikuwa amefundishwa hivyo na mwanawe msomi.

Mwisho Ofwono akaacha kumwita. Akawa anamfuata mwenyewe popote alipo.

Ndiyo maana, Aboth alipofariki, katekista alipoulizia mstari wa kuandika juu ya saruji, Ofwono alisema litatosha neno moja.

Nami nikacheka. Nikamwambia, babu, neno hili maana yake ni baadaye kidogo, umeandika kwamba mama yako atakuja akipata nafasi.

"Kwingine kote liliharibika," alisema. "Hapa alipolala halikuharibika."

Basi wenzangu, nyie mnaoitwa na mama zenu huku mmelala na simu, funzo ni dogo: nyanyuka kwanza, jibu utalitoa ukiwa njiani.

Nami sikulipata kwa akili. Babu alipomaliza kusimulia aliniomba nimletee maji ya kunywa.

"Sasa hivi, babu," nikasema.

Akaitazama miguu yangu.

Nilikuwa bado nimekaa.